Kuishi kwa Kalamu Mombasa: Mwongozo wa Mwandishi wa Kujitegemea

Kila baada ya siku chache hupokea ujumbe kutoka kwa kijana wa Kisauni, wa Likoni au wa Changamwe, na swali ni lile lile: kuandika kunalisha? Kunalisha. Huu ni mwaka wangu wa kumi na moja. Kodi ya nyumba, karo ya watoto na samaki wa jikoni vyote vyatoka kwenye kalamu. Lakini anayeingia akidhani atalipwa kwa sababu ni fundi wa maneno hatamaliza miezi sita kabla hajarudi kutafuta ajira. Mji huu umejaa mafundi wa maneno tangu zama za mshairi Muyaka bin Haji. Keti kwenye baraza ya kahawa Mji wa Kale jioni moja tu, utamsikia mzee akijibizana na mwenziwe kwa beti za papo hapo, na hakuna anayemlipa. Mteja anamtafuta mtu anayeijua shughuli yake kiasi cha kuieleza kwa wengine wakaielewa, wakatoa pesa. Mimi nilichukua mwaka mzima kulijua hilo.

Hatua ya kwanza: piga hesabu ya siku yako

Usiache kazi uliyo nayo. Kwanza chukua daftari uandike matumizi ya mwezi bila kuficha chochote. Tuseme chumba na sebule Mishomoroni ni shilingi 12,000, chakula 15,000, umeme, maji na gesi 4,000, nauli 4,000, intaneti 3,000, na mama nyumbani umtumie 7,000. Jumla ni 45,000.

Mwezi una siku za kazi kama 22. Wengi hugawanya 45,000 kwa 22, wakaona shilingi elfu mbili na kidogo kwa siku zawatosha. Hapo ndipo wanapozama. Nusu ya siku zako hazitalipwa na mtu yeyote: siku ya kuzunguka kutafuta wateja, siku ya kudai pesa zako, siku ya kusoma, siku stima imepotea mtaani tangu asubuhi. Kwa hiyo gawanya kwa 11. Unapata kama 4,090. Ongeza sehemu moja ya tano kwa ajili ya kodi ya serikali na siku za ugonjwa, utafika karibu 4,900. Basi siku yako ya kuandika ni shilingi 5,000.

Iweke bei hiyo kichwani. Kijitabu kitakachokuchukua siku tatu ni 15,000. Mtu akikupa shilingi 500 kwa makala ya maneno elfu moja, na makala hiyo ni kazi ya siku nzima, huna haja ya kukasirika wala kubishana. Mshukuru, mwambie bei yako, uende zako. Huko nyuma nilikuwa nikipokea kazi kama hizo kwa kuogopa kukaa bure, na kukaa bure kungenifaa zaidi maana ningepata muda wa kumtafuta mteja mwingine.

Kisha weka akiba ya miezi mitatu kabla ya kuandika barua ya kuacha kazi. Mimi nilikaa miezi kumi na minne kwenye duka la vifaa vya umeme Mwembe Tayari, nikiandika baada ya sala ya alfajiri hadi saa mbili kasorobo. Sikujuta hata siku moja.

Hatua ya pili: chagua unachokijua kuliko wengine

Mwaka 2009 nyaya za mawasiliano za TEAMS na SEACOM zilipitishwa chini ya bahari na kutua hapa Mombasa. Intaneti ikaongezeka kasi, na vijana wengi wakaanza kuwaandikia watu wa ng'ambo makala za kila namna: mbwa, bima, dawa za kupunguza unene. Walikuwa wakilipwa kwa idadi ya maneno, na kwa miaka kadhaa ilikuwa riziki. Tangu mwisho wa 2022, zilipotoka programu za akili bandia zinazoandika zenyewe, kazi hizo za juujuu zimekauka. Anayetaka makala ya kawaida juu ya mbwa haji kwako tena. Atakuja kwa jambo ambalo programu haiwezi kuliona kwa macho yake, na sisi watu wa Pwani tunayo mambo hayo tele.

Anza na bandari. Mizigo ya Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na mashariki ya Kongo hupitia Kilindini. Mfanyabiashara aliye Kampala hajui kwamba kontena lake likipitisha siku za bure bandarini ataanza kutozwa ada ya hifadhi, na kwamba hiyo ni mbali na ile ada anayodai mwenye meli kwa kuchelewesha kontena lake kurudi. Anapata bili mbili, anadhani ameibiwa, anagombana na wakala wake wa forodha. Wakala huyo anahitaji karatasi mbili zilizoandikwa kwa lugha nyepesi za kumpa kila mteja mpya. Hajui tu kwamba kuna mtu awezaye kumwandikia. Kama una mjomba aliyefanya kazi bandarini, au umewahi kutumwa na stakabadhi kutoka ofisi hadi ofisi, tayari una mtaji.

Hoteli nazo. Pita kwenye tovuti za hoteli kutoka Nyali hadi Diani, zote zinasema mchanga mweupe, maji ya buluu, upepo mwanana. Mgeni anayetoka mbali anataka kujua mengine: maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua bahari huondoka ikaacha mwamba wazi, usiweze kuogelea kwa saa kadhaa. Asipoambiwa, akifika anaona ametapeliwa. Ukiandika ukurasa mmoja unaomweleza maji, saa za kutembea hadi mwamba, na saa za kuogelea, umempunguzia meneja malalamiko ya mwaka mzima.

Na kuna Kiswahili chenyewe. Katiba ya 2010, ibara ya 7, imekifanya lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na mwaka 2022 Umoja wa Afrika ulikikubali kuwa lugha yake ya kazi. Mashirika ya afya, benki na kampuni za simu hutafsiri matangazo yao kila siku, na siku hizi wengi huanza na tafsiri ya mashine, kisha wakatafuta mtu wa kuisafisha. Nimewahi kuletewa kijitabu cha mikopo ambamo "riba ya mkopo" ilikuwa imegeuka "hamu ya mkopo", ukurasa hadi ukurasa, kwa kuwa Kiingereza chake ni neno moja, interest. Kazi ya namna hiyo usiipokee kwa nusu bei kwa sababu eti ni kusahihisha tu. Itazame kwanza. Mara nyingi kuanza upya ni haraka kuliko kutengua fundo moja moja.

Lipo jambo moja ambalo nakuomba ulikatae mapema, kabla njaa haijakushauri vingine. Utaambiwa kuna pesa nzuri katika kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha zao za chuo. Kweli pesa zipo, na vijana wengi wa Kenya wameishi nazo. Lakini unamsaidia mtu kupata shahada asiyoistahili, na yamkini mtu huyo ni muuguzi atakayemshika mgonjwa. Uingereza ilipitisha sheria mwaka 2022 inayokataza biashara hiyo. Zaidi ya hapo, akaunti unayofanyia kazi mara nyingi ni ya kukodi, jina si lako, na siku mwenyewe akibadilisha neno la siri miaka yako mitatu imekwenda. Huwezi kumwonyesha mteja mpya hata ukurasa mmoja wa ulichokiandika. Mwandishi asiyeweza kuonyesha kazi yake atabaki mgeni siku zote.

Hatua ya tatu: andika kazi tatu za mfano

Usingoje kuagizwa. Chagua biashara tatu za kweli unazozijua, uandikie kila moja ukurasa mmoja ambao unaona unakosekana. Nyumbani pakiwa na kelele, ipo Maktaba ya Taifa barabara ya Msanifu Kombo, na ipo Swahilipot Hub kando ya Fort Jesus, ambapo utakutana na vijana wachoraji, wapiga picha na watengeneza tovuti. Wafahamu hao vizuri. Mteja wangu wa tatu niliunganishwa naye na mtengeneza tovuti aliyechoka kupewa maneno mabovu ya kujazia kurasa.

Mpe kazi hizo mtu mmoja anayeijua shughuli na mtu mmoja asiyeijua. Wa kwanza akikuta kosa, rekebisha. Wa pili akiuliza swali, rekebisha pia.

Hatua ya nne: toka nje

Wengi hufungua akaunti kwenye majukwaa ya kazi za mtandaoni wakakaa wakingoja. Majukwaa si mabaya, ila jua yanavyokula. Fiverr hukata asilimia 20: kazi ya dola 100 inakuachia 80, kisha kuna gharama ya kuzitoa na kiwango cha kubadilisha dola ambacho huwa chini ya kile unachokiona benki. Chovya chovya humaliza buyu la asali. Weka akaunti moja, lakini miguu yako iende Moi Avenue, Nkrumah Road na Shimanzi, kwenye ofisi za mawakala wa forodha na kampuni za usafirishaji.

Nenda kati ya saa nne na saa sita, siku za Jumanne au Jumatano. Jumatatu watu wana mambo ya wikendi, na Ijumaa mchana mji unakwenda msikitini. Usiseme umekuja kutafuta kazi, maana mlinzi atakuonyesha kisanduku cha barua. Mtumie anayehusika ujumbe siku moja kabla. Mimi huandika hivi:

"Habari za asubuhi, Bi. Meneja. Mimi ni mwandishi, mkazi wa Tudor. Nimesoma ukurasa wenu wa kuagiza magari kutoka Japani. Haujataja kwamba gari lililopita umri wa miaka minane haliruhusiwi kuingia Kenya, na najua wapo wanaolipia kabla hawajalijua hilo. Nimeandika ukurasa mmoja unaolieleza pamoja na gharama nyingine za njiani. Nimeuambatisha, utumieni hata tusipofanya kazi pamoja. Kesho saa nne nitakuwa maeneo ya ofisini kwenu. Ukiwa na dakika kumi nitashukuru kukuona."

Tazama ujumbe huo haukuomba kazi. Umeonyesha kasoro kwa adabu na umeleta dawa yake. Nikituma kumi za aina hiyo, hupata majibu mawili au matatu, na kati ya hayo hutoka mteja mmoja. Ukituma kumi wiki hii ukanyamaziwa, angalia kama kweli uliwasoma kabla ya kuwaandikia.

Magazeti ni njia nyingine, ingawa sikushauri uyategemee peke yake kwa kula. Mhariri mpe wazo katika sentensi nne: nini kimetokea, kwa nini sasa, utazungumza na nani, na picha zipo au hazipo. Makala yenye jina lako gazetini itakufungulia milango ambayo pesa yake yenyewe isingekufungulia.

Hatua ya tano: makubaliano kabla ya neno la kwanza

Mwaka wangu wa pili kampuni moja ya utalii ya Pwani ya Kaskazini iliniagiza makala kumi na mbili. Meneja alikuwa mcheshi, alinikaribisha mahamri na mbaazi, tukaafikiana kwa mdomo. Niliandika wiki tano. Makala zikapanda kwenye tovuti yao moja baada ya nyingine. Nilipopeleka ankara niliambiwa mwenye kampuni yuko safarini, kisha msimu umekuwa mbaya, kisha simu ikawa haishikwi. Sikuwa na karatasi hata moja. Mwezi ule niliuza baiskeli yangu ili nilipe nyumba.

Tangu hapo sianzi bila arubuni. Watu wa Pwani wanalijua neno hili: mtu hachongewi kitanda wala hashonewi kanzu bila kutanguliza kitu. Omba nusu. Atakayekataa kutoa nusu ya 15,000 kabla ya kazi hatakuwa mwepesi wa kutoa 15,000 baada yake.

Makubaliano hayahitaji kurasa kumi. Barua pepe moja yatosha, ilimradi yeye ajibu kwamba amekubali. Iseme kazi ni nini na ina urefu gani, utaikabidhi lini, bei ni ngapi, arubuni ni ngapi, salio litalipwa siku ngapi baada ya kukabidhi, na marekebisho ni mara ngapi. Mimi huandika marekebisho mara mbili. Ya tatu yana bei yake. Bila mstari huo utarekebisha mpaka Idi.

Kisha haki. Hapa nakusihi usome polepole, kwa sababu waandishi wengi hawalijui hili. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, kifungu cha 31, inasema kazi uliyoagizwa na mtu kuiandika, hakimiliki yake huhesabiwa imehamia kwake, isipokuwa mmeafikiana vingine. Maana yake, ukinyamaza, umempa. Kwa hiyo ongeza sentensi hii: "Haki za kazi hii zitahamia kwa mteja baada ya malipo yote kukamilika, na mwandishi ataruhusiwa kuionyesha kama mfano wa kazi yake." Ile kampuni ya utalii, kama ningekuwa na sentensi hiyo, ningeweza kuwaambia waziondoe makala zangu kwenye tovuti yao na wangelazimika kunisikiliza.

Hatua ya sita: kuandika kwenyewe

Hapa nitasema kidogo, kwani kila mtu ana utaratibu wake. Nenda mahali unapopaandikia. Ukiandika juu ya feri ya Likoni, ivuke saa kumi na mbili asubuhi ukiwa umesimama na watu. Zungumza na karani, si meneja peke yake; karani ndiye anayejua stakabadhi ipi hukwama. Majina na tarakimu hakiki mara mbili. Kabidhi siku moja kabla ya tarehe. Mteja wa New York yuko nyuma yetu kwa saa saba au nane kutegemea majira, kwa hiyo ukimtumia kazi asubuhi yetu ataamka aikute. Na simu iwe na bando la akiba, maana siku ya kukabidhi ndiyo siku stima hupenda kupotea.

Hatua ya saba: dai chako

Ankara ipeleke siku ile ile unayokabidhi kazi. Iwe na tarehe ya mwisho ya kulipa na namba ya kulipia. Siku ya saba kumbusha kwa upole. Siku ya kumi na tano piga simu, omba kuzungumza na mhasibu kwa jina. Jina lake ulitafute mapema, siku ya kwanza kabisa. Mhasibu anayekujua hukuweka kwenye orodha ya wiki hii. Siku ya thelathini nenda mwenyewe, ukae kwenye kiti cha mapokezi kwa heshima, uwe na nakala ya makubaliano mkononi.

Ikishindikana, ipo Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, na hapa Mombasa inafanya kazi. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, unaweza kujisimamia bila wakili, na sheria yataka shauri liamuliwe ndani ya siku 60. Barua pepe yako ya makubaliano ndiyo ushahidi. Mwenzangu mmoja mtafsiri aliandika tu barua ya kueleza kwamba atapeleka dai huko, akalipwa baada ya siku nne.

Hatua ya nane: daftari na kodi

Mali bila daftari huisha bila habari. Kila shilingi iliyoingia na iliyotoka iandike siku hiyo hiyo, pamoja na bando, nauli na marekebisho ya kompyuta.

Ritani ya mwaka uliopita, yaani taarifa ya mapato yako kwa KRA, Mamlaka ya Mapato ya Kenya, hujazwa kufikia 30 Juni. Ukichelewa, faini ni shilingi 2,000 au asilimia 5 ya kodi unayodaiwa, ile iliyo kubwa. Kampuni zikikulipa ada ya kitaalamu hukata asilimia 5 na kuipeleka KRA. Wengi huililia pesa hiyo kana kwamba imepotea. Ni kodi yako iliyotangulia. Hakikisha umepata cheti cha makato, uidai kwenye ritani. Jambo jingine: tangu Januari 2024 kampuni huhitaji ankara ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, ili gharama ihesabiwe kwenye kodi zao, kwa hiyo wahasibu wengi watakurudisha ukija na karatasi ya kawaida. Jisajili mapema. Mchango wa SHA, bima ya afya ya serikali, pia ujitolee mwenyewe, kwa kuwa hakuna mwajiri wa kukukatia, na mkono ulioteguka au homa ya dengue haingoji mteja alipe.

Hatua ya tisa: fuata misimu

Desemba hadi Machi, upepo wa kaskazi ukivuma, hoteli zimejaa wageni na hakuna meneja mwenye nafasi ya kusoma ujumbe wako. Miaka ya mwanzo nilikuwa nikiwaandikia wakati huo nikidhani ndipo wana pesa, nikinyamaziwa. Kumbe wakati wao ni masika. Mvua ikianza Aprili vyumba huwa vitupu, rangi inapakwa upya, tovuti inarekebishwa, na meneja yuko ofisini. Kwa mawakala wa mizigo msimu hauna maana kubwa hivyo. Hao ndio watakaokubeba miezi mingine.

Miezi ya wateja kuadimika itumie kwa kazi yako mwenyewe. Kama unaandika riwaya au mashairi, Tuzo ya Safal ya Kiswahili hupokea miswada ambayo haijachapishwa. Ukiwa na kitabu, ISBN hutolewa na Maktaba ya Taifa, na KOPIKEN ndiyo hukusanya malipo ya kunakiliwa kwa vitabu, jisajili nao.

Na kila mwezi wa Januari rudia ile hesabu ya hatua ya kwanza. Bei ya nyumba imepanda, karo imepanda, na wewe umejua zaidi. Bei mpya waambie kwanza wateja wapya. Wa zamani waandikie Februari kwamba itaanza kutumika mwezi wa Aprili, ili anayetaka kazi kwa bei ya zamani ailete sasa. Mwaka jana wanne kati ya sita waliileta.